Punguzo la askari wa zamani kwenye meli za kitalii: jibu kwa msomaji wa Houston

Swali: "Nilitumikia jeshi la nchi kavu la Marekani miaka sita, nikaondoka kwa heshima mwaka 2019. Sikufikia kustaafu. Naishi Houston na mke wangu. Wazazi wangu wanakuja kututembelea kutoka Nakuru, na baba ni mstaafu wa jeshi la Kenya, KDF. Nataka kuwapeleka wote safari ya meli kutoka bandari ya Galveston. Rafiki ameniambia askari wa zamani hulipa nusu bei. Ni kweli? Nahitaji karatasi gani, na je, utumishi wa baba nao unahesabiwa?"

Nusu bei hakuna, kaka. Punguzo lipo, ni halali, na una haki nalo, lakini kwa safari ya siku tano kutoka Galveston litakuokolea makumi ya dola kwa kila mtu, si mamia. Nakwambia mapema kwa sababu nimeona familia zikichagua meli, tarehe na hata chumba kwa kufuata punguzo la jeshi, kisha zikalipa zaidi kuliko jirani ambaye hajawahi kuvaa sare. Katika safari yako mambo mawili yana uzito kuliko asilimia yoyote: mtasafiri wiki gani ya mwaka, na visa za wazazi zinasema nini. Nitayafikia yote mawili.

Tuanze na kundi lako. Kampuni za meli huwagawa watu wa jeshi mafungu matatu: walio kazini, waliostaafu, na waliotumikia kisha wakaondoka bila pensheni. Kwao mstaafu ni mtu aliyemaliza miaka 20 au zaidi, au aliyestaafishwa kwa sababu za kiafya. Wewe uko fungu la tatu, na ni fungu hili linalokuta baadhi ya milango imefungwa. Disney Cruise Line, kwa mfano, imeelekeza bei zake za jeshi hasa kwa walio kazini na wastaafu. Askari aliyetumikia miaka sita asiitegemee. Carnival, Royal Caribbean, Celebrity, Norwegian, Princess na Holland America huwapokea pia askari wa zamani walioondoka kwa heshima. Baadhi huongeza sharti la muda wa utumishi, mara nyingi miaka miwili. Kwa miaka yako sita sharti hilo halikusumbui.

Sasa, neno "punguzo" hapa linabeba vitu viwili tofauti kabisa, na ukivichanganya hesabu yako itaharibika.

Kitu cha kwanza ni bei ya chini ya tiketi yenyewe. Norwegian hutoa asilimia 10 kwa wanajeshi, askari wa zamani na wenzi wao, na uthibitisho hufanywa mtandaoni kupitia ID.me, huduma ya kuthibitisha utambulisho wa mtu. Carnival na Royal Caribbean hawana asilimia moja inayofanya kazi mwaka mzima. Wana bei za jeshi kwenye safari walizozichagua wao, ambazo leo zipo na kesho hazipo. Safari iliyojaa mapema haina sababu ya kupewa bei ya jeshi. Safari ambayo vyumba vyake vinasuasua ndiyo inayopewa, pamoja na bei nyingine za kuvutia watu.

Kitu cha pili ni salio la kutumia melini. Princess, Holland America na Cunard, ambazo zote ni za shirika moja la Carnival Corporation, hufuata njia hii: tiketi unalipa bei ile ile ya kila mtu, lakini ukipanda unakuta kwenye akaunti yako ya melini kuna fedha. Kiasi hutegemea urefu wa safari na hufikia dola 250 kwa safari ndefu; safari fupi hupata sehemu ndogo tu ya hizo. Salio hili unaweza kulitumia kwa vinywaji, mkahawa wa kulipia, matembezi ya nchi kavu, picha au duka la melini. Mara nyingi halibadilishwi kuwa fedha taslimu, kwa hiyo lililobaki usiku wa mwisho limepotea.

Mimi napenda salio kuliko bei ya jeshi, na sababu yangu ni moja tu. Bei ya jeshi ni bei, na katika tiketi moja unachagua bei moja. Ukiichukua, umeiacha ofa ya wakazi wa Texas, umeiacha ofa ya wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, umeiacha ofa ya mgeni wa tatu na wa nne kusafiri kwa bei ya chini. Salio halishindani na bei. Kwa kawaida unachukua ofa nzuri kuliko zote zilizopo, kisha unaliomba salio juu yake. Wauzaji wengi wa simu hawatakwambia hilo usipouliza, kwa sababu kazi yao ni kujibu ulichouliza.

Tuingie kwenye hesabu. Tuseme umeona safari ya siku tano kwa dola 560 kwa mtu. Tangu Julai 2024, sheria ya California ilipozitaka biashara kutangaza bei kamili, kampuni kubwa za meli zimekuwa zikitangaza kote Marekani bei yenye kodi na ada za bandari ndani yake. Ni jambo jema kwa mnunuzi, lakini limezaa kutoelewana kwenye hesabu ya punguzo. Katika zile dola 560, tuseme 160 ni kodi na ada za bandari. Hizo haziguswi na punguzo lolote. Zinakwenda kwa serikali na mamlaka za bandari. Asilimia 10 inapigwa kwenye zile 400 zilizobaki, nawe unaokoa dola 40, si 56. Utalipa 520. Sasa kama siku hiyo hiyo kuna ofa ya wakazi wa Texas inayokupa jumla ya dola 480, basi bei ya jeshi imekupotezea dola 40 kwa kila kichwa. Nambari hizi nimezitunga ili uone njia ya kuhesabu, lakini hali yenyewe si ya kutunga, hutokea kila msimu.

Kwa hiyo usilinganishe maneno ya matangazo. Fungua safari ile ile, chumba kile kile, watu wale wale, na ufike hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa. Andika jumla. Rudi, badilisha aina ya ofa, fika tena mwisho, andika jumla. Ni kazi ya dakika chache na ndiyo njia pekee ya kujua ukweli.

Kwenye jumla hiyo ongeza bakshishi, kwa sababu haimo. Kampuni kubwa hutoza bakshishi ya wahudumu kati ya dola 16 na 20 hivi kwa mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida, na mtoto na mzee wote wanahesabiwa. Mkiwa wanne kwa siku tano, kwa dola 17, hiyo ni dola 340. Linganisha na zile dola 40 za punguzo kwa kila mtu, ambazo kwa wanne ni 160, uone kwa nini sipendi mtu ajenge bajeti yake juu ya punguzo.

Jambo lingine linalowashtua wengi: faida ya jeshi imefungwa kwenye chumba anacholala askari. Ukichukua vyumba viwili, kimoja chako na mkeo, kingine cha wazazi, chumba cha wazazi kwa kawaida kinalipiwa bei ya kawaida, hata kama kadi iliyolipa ni yako. Uwezekano wa kwanza ni kukaa wanne chumba kimoja, ambapo abiria wa tatu na wa nne mara nyingi hulipa kidogo. Sikushauri. Chumba cha ndani cha meli ni kidogo, vitanda viwili vinashuka kutoka darini au ukutani, na msalani ni pamoja. Kumwambia baba mkwe na mke wa mtoto wake walale hivyo siku tano ni kuwavunjia heshima wote wawili. Chukua vyumba viwili vinavyopakana. Chako weka kwa bei ya jeshi ikiwa inashinda, cha wazazi weka kwa bei ya wazee, au ya wakazi wa Texas ikiwa kampuni inaikubali. Kila kampuni ina kanuni yake kuhusu nani ndani ya chumba anatakiwa kutimiza sharti, kwa hiyo uliza kabla. Tiketi mbili zinaweza kuunganishwa ili mle meza moja jioni. Kwa ajili ya wazee omba vyumba vya katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako meli inayumba kidogo.

Kuhusu baba. Programu za kampuni hizi zimeandikwa kwa majeshi ya Marekani na, kwa nyingi, ya Kanada. Utumishi wa KDF, wa JWTZ la Tanzania au wa UPDF la Uganda haumo. Najua inauma, hasa ukikumbuka kwamba askari wa Kenya wamekuwa Somalia tangu 2011 katika vita ambavyo Marekani yenyewe ina maslahi navyo. Lakini usimpeleke baba kwenye dirisha na kitambulisho chake akakataliwe mbele ya foleni. Atafaidika kwa umri wake. Na kuna jambo moja ambalo halihitaji karatasi: meli nyingi za Carnival, Princess na Holland America huweka kwenye ratiba mkutano wa askari wa zamani, saa moja hivi ya kukaa, kujitambulisha na kuzungumza. Haulipiwi. Mpeleke. Wazee waliopigana Vietnam hukaa pale na kusimulia, na mzee kutoka Nakuru aliyetumikia bendera yake ana la kusema miongoni mwao kama mwingine yeyote.

Sasa karatasi zako.

Msingi ni DD-214, ile hati uliyopewa siku ya kuondoka jeshini. Hapa wengi hukwama kwa jambo dogo. Hati hiyo hutolewa kwa nakala kadhaa, na nakala namba 1 haionyeshi aina ya kuachiliwa kwako. Nakala namba 4 ndiyo inayoionyesha, kwenye kisanduku cha 24. Ukituma namba 1, mtu wa kampuni ya meli anaona ulitumikia lakini haoni kwamba uliondoka kwa heshima, naye anairudisha. Siku zinapita, tarehe ya mwisho ya kuomba salio inapita, nawe unadhani umenyimwa haki. Angalia kona ya chini ya hati yako leo hii.

Kama huna nakala, usimlipe mtu akutafutie. Nyaraka za jeshi ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani, kituo cha St. Louis, na askari mwenyewe hupewa DD-214 bure, ama kwa kuomba mtandaoni ama kwa fomu SF-180. Kwa walioondoka miaka ya karibuni kama wewe, njia ya haraka ni akaunti yako ya milConnect, tovuti ya kumbukumbu za wanajeshi, au ya VA, idara ya Marekani ya askari wa zamani. Ni waliotumikia zamani sana wanaopata shida ya kweli: moto wa Julai 1973 katika jengo la wakati huo la kituo hicho uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, na karibu asilimia 80 ya kumbukumbu za walioondoka jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960 zilipotea. Wazee hao huthibitisha utumishi wao kwa vipande vya nyaraka nyingine. Wewe huna sababu ya kuhangaika hivyo.

Kadi ya huduma za afya ya VA, kadi ya utambulisho wa askari wa zamani, au leseni ya udereva ya Texas iliyochapwa alama ya askari wa zamani, nazo hukubaliwa na kampuni nyingi. Leseni ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu haibebi siri zako. DD-214 ina mengi, na mara nyingi namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) imo. Usiitume kwa WhatsApp kwa wakala, hata akiwa ni mtu wa kwenu. Funika namba hiyo, funika tarehe ya kuzaliwa kama haikuombwa, na upakie kwenye mfumo wa kampuni yenyewe au wa ID.me. Kisha siku ya kupanda meli beba nakala, kwa sababu bandarini wana haki ya kuuliza tena, na asiyeweza kuthibitisha anaweza kudaiwa tofauti ya bei papo hapo.

Kwa wenzako watakaosoma hapa, neno kuhusu MAVNI. Programu hiyo, iliyoidhinishwa mwishoni mwa 2008 na kusimamishwa 2016, iliwaruhusu wageni wenye hadhi halali lakini wasio na kadi ya kijani kujiunga na jeshi kwa sababu ya utaalamu wa tiba au lugha, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zilizotakiwa. Wakenya na Watanzania kadhaa waliingia kwa mlango huo na kupata uraia kwa njia ya haraka. Kampuni ya meli haikuulizi uraia inapotoa bei ya jeshi, inauliza utumishi. Lakini kuna walioandikishwa kisha wakaachiliwa kabla ya kumaliza mafunzo, na hati zao zinasema utumishi haukupewa sifa yoyote, wala nzuri wala mbaya. Hiyo si fedheha, ila pia si kuachiliwa kwa heshima, na kwa punguzo hili haitoshi. Mtu wa namna hiyo asijaze kwamba aliachiliwa kwa heshima. Asafiri kwa ofa ya kawaida, atalipa karibu sawa na wewe.

Tuje kwenye visa, na hapa naomba usome polepole.

Safari ya kutoka Galveston na kurudi Galveston inatoka nje ya Marekani. Siku tano kwa kawaida ni Cozumel na Progreso, Mexico. Wewe na mkeo, mkiwa raia, mnaweza kisheria kusafiri na cheti cha uraia pamoja na kitambulisho chenye picha, kwa kuwa meli inaanza na kumalizia bandari moja ya Marekani. Bado nasema bebeni pasipoti. Mmoja akilazwa hospitali ya Cozumel na meli ikaondoka, kurudi nyumbani ni kwa ndege, na ndege ya kimataifa haitaki kusikia habari za cheti.

Wazazi wako, wakiwa wageni wa visa ya kutembelea, wanaporudi Galveston wanaingia Marekani upya. Wanapita mbele ya afisa wa CBP, idara ya forodha na mipaka, kama walivyopita uwanja wa ndege. Fungua pasipoti zao, tazama kibandiko cha visa, sehemu inayoonyesha idadi ya kuingia. Ikiwa kuna herufi M, wanaweza kuingia zaidi ya mara moja, na visa ikiwa bado haijaisha siku ya kurudi, hakuna tatizo. Ikiwa kuna namba 1, walishaitumia siku walipotua, na safari ya meli isiwahusu kabisa. Kampuni ya meli inaweza kuwakatalia kupanda siku yenyewe, mizigo ikiwa imeshafungwa, na fedha hazirudi. Utaratibu wa visa hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee visa ya shangazi aliyekuja miaka mitatu iliyopita. Soma ile iliyobandikwa kwenye pasipoti za wazazi wako.

Kwa upande wa Mexico hali ni nyepesi: humruhusu mwenye visa halali ya Marekani kuingia kama mtalii bila visa yake. Ndiyo sababu naunga mkono uchaguzi wako wa Galveston. Mtu akikushawishi uwapeleke Alaska kutoka Seattle kwa sababu kuna ofa ya jeshi, mkatalie. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 kuhusu vyombo vya abiria inazuia meli zenye bendera za nje kubeba abiria kati ya bandari za Marekani peke yake, na karibu meli zote kubwa za kitalii zina bendera za Bahamas, Panama, Malta na kwingineko. Kwa hiyo meli ya Alaska inayotoka Seattle lazima iguse bandari ya nje, na kwa kawaida ni Victoria, Kanada. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji visa ya Kanada kwa kituo hicho, hata kama hana nia ya kushuka. Ada mbili za visa, alama za vidole, kusubiri: punguzo lako limeshaliwa kabla hamjapanda.

Bima nayo. Huduma ya afya unayopata VA kwa kawaida inaishia Marekani. Ukiwa nje kuna mpango wa VA uitwao Foreign Medical Program, lakini unagharimia matibabu ya maradhi au ulemavu uliotambuliwa kuwa umetokana na utumishi, si homa ya tumbo uliyoipata kwenye bufee. Wazazi hawana hata hicho. Zahanati ya melini hutoza akaunti yako moja kwa moja, na mgonjwa mahututi akihitaji kuhamishwa kwa ndege bili ni ya kutisha. Wanunulie wazazi bima ya wageni inayofika hadi melini na Mexico, yenye kipengele cha kuhamisha mgonjwa. Ikiwa baba ana shinikizo la damu au kisukari, soma kipengele cha magonjwa ya awali kabla hujalipa. Fedha zote ulizookoa kwa punguzo ziweke hapa. Ndipo zinapofanya kazi.

Nilikuahidi habari ya wiki. Bei ya kutoka Galveston hupanda likizo za shule za Machi, katikati ya kiangazi, wiki ya Thanksgiving na Krismasi. Hushuka Septemba, mwanzo wa Desemba kabla ya shamrashamra, na Januari baada ya mwaka mpya. Tofauti kati ya Julai na Septemba kwa chumba kile kile inaweza kuzidi punguzo la jeshi mara kadhaa. Septemba ni msimu wa vimbunga, ambao rasmi huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na meli huweza kubadilisha bandari. Mkiwa hamna watoto wa shule na wazazi wanakaa miezi kadhaa, mimi ningechagua wiki mbili za kwanza za Desemba au nusu ya pili ya Januari. Bahari ya Ghuba ya Mexico wakati huo inaweza kuwa na upepo, lakini mzee wa Nakuru atapenda hali ya hewa ya Cozumel kuliko joto la Agosti.

Ofa za jeshi huongezeka karibu na Siku ya Askari wa Zamani, Novemba 11, na karibu na siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani mwishoni mwa Mei. Unaweza kununua nyakati hizo safari ya miezi ijayo. Ila ukiona bei nzuri leo, usiiache kwa kusubiri Novemba.

Kama VA imekupa kiwango cha ulemavu uliotokana na utumishi, jambo ambalo hukuliandika, basi kuna mlango mwingine. Tangu Januari 1, 2020, sheria imewafungulia askari hao maduka ya kambi na huduma za burudani za jeshi, pamoja na American Forces Travel, tovuti rasmi ya safari ya wizara ya ulinzi, ambayo huuza pia safari za meli. Ingia, tazama bei yake, iweke kwenye orodha yako ya jumla kama nyingine. Si lazima iwe ya chini kuliko zote, lakini mara nyingine hushinda.

Na yule atakayekupigia simu kusema askari wa zamani wamepewa safari ya bure na "idara," lipa tu ada ya bandari: kata simu. VA haina programu ya safari za meli. Mwaka 2015 tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo 10, walifungua kesi dhidi ya mtandao wa watu waliopiga simu kwa mamilioni wakijifanya wanafanya utafiti wa kisiasa na kuahidi safari ya bure ya Bahamas. Mtindo huo haujafa. Umehamia kwenye jumbe, na askari ni windo linalopendwa kwa sababu watu wanaamini kuna zawadi zao mahali fulani.

Kwa hiyo hatua zako, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata. Piga picha visa za wazazi kabla hujafungua tovuti yoyote ya meli. Zikiwa na M, jiandikishe ID.me na uweke alama ya askari wa zamani kwenye leseni yako utakapoibadilisha. Chagua wiki mbili au tatu zinazowezekana, kisha linganisha jumla za mwisho kwa bei ya jeshi, ya Texas na ya wazee. Lipa malipo ya awali yanayoweza kurudishwa, hata kama ni dola chache zaidi, kwa sababu bei inaweza kushuka, na kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo ni kati ya siku 75 na 120 kabla ya safari kutegemea kampuni na urefu, unaweza kuomba bei mpya. Weka ukumbusho kwenye simu wiki moja kabla ya tarehe hiyo, uangalie bei mara ya mwisho. Ukichukua Princess au Holland America, tuma fomu ya salio la jeshi mara tu unapolipia, usisubiri wiki ya safari. Fomu iliyochelewa hawaishughulikii melini, na wahudumu wa dawati la wageni hawana uwezo wa kukusaidia hapo.